Spika za Gasto

Jumapili, 22 Novemba 1992

Mvua ya kwanza. Imenyesha saa tisa alasiri, nusu saa tu, udongo umelowa juu na chini bado mkavu. Kila msimu naandika mvua kwenye daftari kama hili kwa ajili ya shamba letu la uwele na alizeti kule Unyambwa. Mke wangu Asnath hunicheka, anasema mimi ni karani wa mawingu.

Leo kuna jambo la pili la kuandika. Lori la Gasto, jirani yetu, limerudi kutoka Dar es Salaam, na juu ya mizigo kulikuwa na makasha mawili yanayomfika mtu kiunoni. Nilijua ni nini kabla hayajashushwa. Mtu aliyewahi kubeba spika anawajua wanaobeba spika, wanavyotembea kama wameshika mgonjwa.

Mimi ni fundi wa simu. Mwaka 1980 nilipelekwa masomoni Ulaya miezi tisa. Wenzangu walirudi na suti na saa za mkono, mimi nikarudi na spika mbili, amplifaya na mashine ya kanda. Miaka yote ile ya foleni za sukari, mtaa huu haukuwa na sauti nyingine ya maana. Kila Jumapili mchana watu wanakuja kukaa sebuleni kwangu kusikiliza kwaya na dansi. Gasto mwenyewe alikuwa akikaa sakafuni karibu na mlango. Siku hizo aliuza vitunguu kwa baiskeli. Sasa mipaka imefunguliwa, ana mashine ya kukamua alizeti, na mdogo wake Bonaventura anasafiri mpaka Dubai kumletea bidhaa.

"Kaka Chediel!" aliniita kutoka kwake, mvua bado inadondoka. "Mkono mwingine hautazigusa. Nakusubiri wewe uje uzifunge."

Nilimwambia vizuri, nitakuja.

Jumatano, 25 Novemba

Nimezifunga jioni baada ya kazi. Bonaventura alinisaidia kusogeza. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, mpole. Aliponiona tu aliacha kila kitu akasema, "Shikamoo, fundi," na kila nilichomwelekeza alikirudia kwa mdomo ili asisahau. Alinieleza alivyozunguka maduka Dubai siku nne, akisikiliza, akikataa. "Nilikuwa najiuliza, fundi Chediel angechagua zipi?"

Mbao za spika ni za rangi ya asali. Kila spika ina koni tatu, kubwa ya chini ni kama sinia.

Nikaweka kanda ya dansi ambayo hata mimi ninayo. Nimeipiga kwangu labda mara mia tano. Leo nilimsikia mpiga gitaa akihamisha vidole juu ya nyuzi. Vidole vyenyewe, ile sauti ya ngozi kusugua chuma. Miaka kumi na miwili vidole vile vimekuwa ndani ya kanda yangu na spika zangu hazikuwahi kuniambia.

Gasto akaniangalia usoni. "Vipi?"

"Si mbaya," nikasema.

Jumapili, 29 Novemba

Kwangu walikuja wanne. Kwa kawaida ni kumi na watano.

Jumapili, 6 Desemba

Mvua nzuri usiku kucha. Kwangu amekuja Mzee Miraji peke yake, fundi cherehani. Alikunywa chai, akasikiliza upande mmoja wa kanda, akasema mgongo unamsumbua, anakwenda kulala. Nilimwona kupitia dirishani akiingia kwa Gasto.

Jumapili, 13 Desemba

Hakuna mtu.

Asnath alisema anamrudishia Redempta, mke wa Gasto, ungo wake. Alitoka saa nane, akarudi saa kumi na nusu. Nilimuuliza kama ungo ulikuwa mzito.

"Tulikuwa tunasikiliza kwaya," akasema. Yeye ni mwimba sauti ya pili kanisani, kwa hiyo nilinyamaza nikidhani ameishia hapo. Akaongeza, "Baba Damari, unajua kwa Gasto nawasikia mmoja mmoja? Sauti ya pili wako watatu. Kuna mama mmoja anachelewa kidogo kuvuta pumzi."

"Hata kwangu wapo."

"Wapo," akasema. "Ila kwako wameshikana."

Ameyasema bila ubaya wowote. Ndiyo maana sijalala mchana, ingawa ni Jumapili.

Ijumaa, 18 Desemba

Nimenunua betri mpya za tochi dukani. Zimekufa siku ya pili. Siku hizi kila kitu kipo madukani, na nusu yake ni bandia.

Jumapili, 20 Desemba

Wiki nzima nimekuwa nikizishughulikia spika zangu. Nimeziinua juu ya matofali. Nimezifungua na kuzijaza pamba ndani ili besi itulie. Nimebadilisha nyaya zote, nikatumia waya mzuri wa shaba. Zimeongeza kidogo. Kidogo sana. Ni kama kumvalisha mzee viatu vya mpira ukategemea akimbie.

Asnath aliniuliza pamba imetoka wapi. Nikamwonyesha mto.

"Mto wangu?"

"Nitakununulia mwingine."

Mzee Miraji ametangaza kwamba mtaa umechoka kubishana. Jumapili ijayo, siku mbili baada ya Krismasi, spika zangu zipelekwe kwa Gasto, zipigwe zote mbili kwa amplifaya moja na kanda moja, watu waseme. Gasto alicheka akasema yuko tayari. "Kaka Chediel atafunga zote," akasema. "Nani mwingine tumwamini?"

Jumapili, 27 Desemba

Naandika haya nikiwa peke yangu chumbani, mlango nimeufunga.

Watu walijaa sebule ya Gasto mpaka kibarazani. Walikuwapo zaidi ya thelathini. Redempta alipika maandazi. Nilifunga zangu kwanza, tukapiga wimbo mmoja wa kwaya na mmoja wa dansi. Zililia vizuri, kama zilivyolia siku zote. Wazee wakatikisa vichwa. Nikaona wanatikisa kwa adabu, kama mtu anavyomsifia mtoto wa mwenzake. Wote walikuwa wanasubiri zile nyingine.

Nikazima, nikapiga magoti nyuma ya spika za Gasto. Kila spika ina nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Mwekundu unakwenda kwenye mwekundu, mweusi kwenye mweusi. Ukigeuza kwenye spika moja tu, hakuna kinachoungua wala kutoa moshi. Ila spika moja itakuwa inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta. Besi zinauana zenyewe kwa zenyewe. Mwimbaji anapotea katikati, humjui amesimama wapi. Mtu asiyejua atasema tu spika ni mbovu.

Ya kulia niliifunga sawasawa. Nilipofika ya kushoto nilimsikia Asnath nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Subirini, sasa ndiyo mtamsikia yule mama anayevuta pumzi." Alikuwa na furaha. Kwa spika zangu hajawahi kuwaambia watu wasubiri kitu.

Vidole vyangu vikageuza. Nataka niandike kwamba sikukusudia, lakini hili daftari nalisoma mwenyewe. Nilikusudia. Hata skrubu niliikaza.

Kanda ikaanza. Kwaya ikatoka nyembamba, kama inaimba ndani ya debe. Gasto akaongeza sauti, ikawa kelele. Mtu akacheka kibarazani, kisha wengine. Mzee Miraji akainua mkono. "Jamani, la mgambo limeshalia. Za Chediel ndizo spika. Hizi ni kabati."

Gasto alisimama katikati ya sebule yake ameshika sahani ya maandazi. "Jana zilikuwa zinanguruma," akasema. "Kaka, jana si zilikuwa zinanguruma?"

"Zilikuwa," nikamjibu. "Bidhaa za siku hizi zinaanza vizuri."

Watu wanne walinisaidia kubeba spika zangu kurudi nyumbani, wanaimba. Asnath alitembea nyuma, hakuimba.

Jumapili, 3 Januari 1993

Wamerudi wote. Sebule haikutosha, wengine walikaa nje chini ya dirisha. Nimepiga kanda sita. Mvua ilinyesha na hakuna aliyeondoka.

Gasto hakuja.

Jumamosi, 9 Januari

Gasto amekuja ofisini kwangu. Ameinama mezani kama mtu anayemuuliza daktari.

"Niambie ukweli, kaka. Wewe unajua vitu hivi kuliko mtu yeyote Singida. Zile ni za kweli au ni bandia?"

Palepale ningeweza kusema, ngoja nije niangalie nyaya. Yangekuwa maneno manne. Ningekwenda, ningegeuza, ningesema kulikuwa na kosa dogo, na jambo lingeisha kwa kicheko.

Nikasema, "Nje zinaonekana za kweli. Ndani sijui. Anayejua ni aliyenunua."

"Bonaventura."

"Sijasema Bonaventura."

"Hujasema," akaitikia, akasimama. Alipofika mlangoni aligeuka. "Nilimpa fedha za kununua za kweli."

Jumanne, 12 Januari

Mtaa mzima umesikia. Gasto alikuwa akipiga kelele tangu saa moja asubuhi kwamba mdogo wake amenunua bandia na kula kilichobaki, kwamba kama amemwibia kwenye hili basi ameiba miaka yote. Bonaventura alikuwa amesimama uani akisema jambo moja tu, tena na tena, bila kupandisha sauti: "Kaka, nilizisikiliza siku nne."

Alitoka na begi moja. Alipita mbele ya kibaraza changu. "Shikamoo, fundi," akasema, na akasita kidogo. Alidhani nitasema kitu.

"Marahaba," nikasema.

Jumamosi, 16 Januari

Sasa limeingia nyumbani kwangu. Bonaventura amemchumbia Lucy, binti wa Marko, kaka yake Asnath wa Unyambwa. Ndoa ilikuwa iwe baada ya Pasaka. Ng'ombe wa mahari wangetoka zizini kwa Gasto, maana baba yao alishafariki na yeye ndiye mkubwa. Leo Gasto ametuma ujumbe kwa Marko kwamba ng'ombe hawatoki, mwizi ajitafutie wake.

Asnath alirudi kutoka Unyambwa amelowa mpaka magotini. Alikaa jikoni bila kubadili nguo.

"Lucy hasemi kitu," akanieleza. "Anapalilia tu. Nimemkuta anapalilia mstari ambao ulishapaliliwa. Mimi ni shangazi yake, nimwambie nini?"

"Mwambie asubiri."

"Asubiri nini, Baba Damari?"

Jumapili, 24 Januari

Mvua kubwa. Daraja dogo la kwenda shambani limeondoka.

Jumapili, 31 Januari

Wageni kumi na tisa. Wakasifu. Mimi nikiwa katikati yao nilisikiliza kanda ile ya dansi nikivitafuta vidole vya mpiga gitaa. Havipo. Nilisogea karibu zaidi, nikaweka sikio. Havipo. Nimezishinda spika za Gasto, na bado kila nikikaa mbele ya zangu nazisikia zile. Ziko mita thelathini kutoka hapa, zimefunikwa shuka, hakuna anayezisikiliza. Roho inaniuma kama siku ya kwanza.

Jumamosi, 13 Februari

Jambo la leo sikulitafuta. Au nililitafuta tangu Novemba.

Gasto alikuja saa nne asubuhi, ameketi kwenye kiti cha mlangoni, pale alipokuwa akikaa sakafuni. Alikuwa amepungua mwili. "Kaka Chediel, nyumba yangu imekuwa kimya. Redempta anataka hata kwaya. Nipe zako, uchukue zile mbovu. Wewe ni fundi, labda utapata hata koni za kuuza vipuri. Mimi nataka tu kitu kinacholia."

Nilijifanya nafikiri. Nilikwenda mpaka dirishani, nikatazama mawingu, nikarudi. Nilimwambia nakubali kwa sababu ni jirani.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuzidishie," akasema.

Mpaka saa nane tulishabadilishana. Zangu nimezifunga kwake mimi mwenyewe, mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi.

Jumapili, 14 Februari

Asnath alikuwa kanisani. Nilijitia homa. Nimezifunga sawasawa, nikakaa kwenye kiti.

Vidole vipo. Yule mama wa sauti ya pili yupo, anavuta pumzi amechelewa. Kuna kiti kinalia nyuma ya mpiga besi. Nilitokwa na machozi, nayaandika kwa aibu.

Halafu nikapunguza sauti haraka, nikafunga madirisha.

Jumapili, 21 Februari

Sikuwa nimelifikiri hili. Spika zikilia vizuri hapa, Gasto atasikia kule, na atajua. Kwa hiyo nazipiga kwa sauti ndogo kuliko redio ya mkulima, madirisha yamefungwa, kwa joto hili la baada ya mvua. Watu nawaambia bado nazitengeneza.

Wamehamia kwa Gasto. Leo nimewasikia mchana kutwa wakicheka na kupiga makofi, na katikati yao spika zangu za miaka kumi na miwili zinaimba kama zimezaliwa upya. Amezifungulia sauti mpaka juu kabisa. Sikuwahi kujua zinafika mbali hivyo. Mzee Miraji alipaza sauti kwamba huu ndio muziki. Nilisimama nyuma ya pazia nikaona wivu. Nilizionea wivu spika zangu mwenyewe.

Jumanne, 2 Machi

Asnath amejua.

Mvua ilimfukuza shambani mapema. Nilikuwa nimekaa mbele ya spika, kwaya inaimba chini chini. Sikusikia mlango. Nilipogeuka alikuwa amesimama, jembe begani, maji yanamtiririka.

"Zimepona?" akauliza.

"Nimezitengeneza."

Aliweka jembe chini. Amekaa na fundi miaka ishirini na moja, kwa hiyo hakuziangalia mbele. Alikwenda nyuma yake, akainama.

"Hujafungua hata skrubu moja ya kasha," akasema. "Vumbi la kwa Gasto bado liko kwenye vichwa vya skrubu. Ziliharibika nini?"

"Waya."

"Waya upi?"

"Mmoja ulikuwa umegeuka."

"Nani aligeuza?"

Kwaya iliendelea kuimba. Yule mama alivuta pumzi, na wote wawili tulimsikia. Asnath alinyoosha mkono, akazima.

"Siku ile nilijua kuna kitu," akasema taratibu. "Nilikuona ulivyoinuka kutoka nyuma ya spika. Ulikuwa na uso wa mtu aliyekula peke yake. Nikajiambia, Asnath, usimfikirie mume wako vibaya. Miezi miwili nimejilazimisha." Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, nguo zimemganda mwilini. "Bonaventura anabeba magunia Manyoni, stesheni. Lucy amepata habari. Anabeba magunia, Baba Damari. Na wewe unasikiliza muziki."

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kusema."

"Haipo siku nzuri. Kesho nakwenda kwa Marko kumalizia palizi. Jumatatu narudi. Nikirudi nikute umesema. Kama hujasema nitapita kwa Gasto kwanza, niseme mimi, halafu sijui nitalala wapi."

Jumatano, 3 Machi

Sijasema.

Ijumaa, 5 Machi

Nilifika mpaka kwenye lango lake. Redempta akanikaribisha chai. Nikasema napita tu.

Jumapili, 7 Machi

Nimesema.

Nilisubiri wageni waondoke, kisha nikaona huko nako ni kujificha, nikaingia wakiwa bado wako kama kumi. Mzee Miraji yumo kwenye mfungo, alikuwa ameegemea ukuta amefumba macho. Nilimwomba Gasto azime muziki. Nikawaeleza nilichofanya tarehe 27 Desemba, mkono gani, spika ipi, waya upi. Nikaeleza na yale ya ofisini. Nilisema kwamba Bonaventura hakuiba chochote, alinunua spika nzuri kuliko zote nilizopata kuzisikia maishani.

Mzee Miraji alifumbua macho akaniangalia, akayafumba tena.

Nilidhani Gasto atanipiga. Nilitamani anipige. Aliuliza tu, "Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nini? Mimi nilizinunua kwa sababu yako. Miaka yote nikikaa pale kwako sakafuni nilikuwa najiambia, siku moja na mimi nitakuwa na nyumba ambayo watu wanakuja kusikiliza, na Chediel atakaa kwenye kiti cha mbele." Akageuka kwa Redempta. "Funguo za lori ziko wapi?"

"Gasto, barabara ni matope matupu."

"Funguo." Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi. Unakuja na mimi Manyoni."

Alhamisi, 11 Machi

Tumerudi. Siku nne kwa safari ambayo kiangazi ni ya asubuhi moja. Baada ya Ikungi lori lilizama mara tatu. Nilichimba mimi. Gasto hakuniambia nichimbe, alikaa tu kwenye usukani mpaka nilipochukua koleo. Maneno aliyoniambia njia nzima hayafiki ishirini.

Bonaventura tulimkuta stesheni ya Manyoni anashusha magunia ya chumvi kwenye behewa. Mabega yamechubuka, amefunga kitambaa. Gasto alikwenda mpaka kwake, mbele ya wachukuzi wote, akamvua gunia begani, akalibeba mwenyewe mpaka kwenye rundo. Alirudi akasema, "Mdogo wangu, nimekukosea. Nisamehe." Kaka kumwomba msamaha mdogo, hadharani. Wachukuzi walisimamisha kazi.

Bonaventura alijifuta chumvi mikononi. "Nilizisikiliza siku nne, kaka."

"Najua. Sasa najua."

Wakashikana mikono, na Gasto akalia kama mtoto. Kisha Bonaventura aliniona mimi pembeni, matope mpaka kiunoni. Sikupata salamu. Nina umri wa baba yake na hakunipa shikamoo, na hakuna mtu pale aliyemgombeza.

Nilimwambia nilichofanya, kwa maneno yangu. Akauliza, "Siku ile napita na begi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaokota begi lake, akapanda lori mbele na kaka yake. Mimi nilirudi nyuma, juu ya turubai.

Asnath alikuwa nyumbani. Amepika ugali wa uwele na mlenda. Tumekula bila kuongea, lakini tumekula sahani moja.

Jumamosi, 20 Machi

Nilimpelekea Gasto ujumbe kwamba spika zake azichukue, na zangu azibakize, zote ni zake. Amejibu kupitia Redempta: zile hazitaki, akizisikia atakumbuka alivyomfukuza ndugu yake. Hizi za zamani amezizoea.

Alasiri alikuja Bonaventura. Alisimama sebuleni, hakuketi.

"Nionyeshe ulivyofanya."

Nikamwonyesha. Alipiga magoti mwenyewe, akageuza waya wa kushoto, akasikiliza ile sauti ya debe. Akaurudisha, akasikiliza. Akageuza tena. Mara tatu. Mikono yake ina sugu mpya, alipata taabu kushika bisibisi.

"Kitu kidogo hivi," akasema.

Nilimwomba azichukue, ziwe zake na Lucy. Nilianza kueleza kwamba si zawadi, sina haki ya kutoa zawadi, ila... Akanikatiza.

"Nitazichukua," akasema. "Nimeshazilipia."

Alibeba moja, akarudi kubeba ya pili. Hakutaka nimsaidie.

Jumapili, 11 Aprili, Pasaka

Mvua zinapungua. Uwele umetoa masuke. Ng'ombe wamekwenda kwa Marko jana, Asnath aliwahesabu kwa furaha kana kwamba ni wake.

Jumamosi, 24 Aprili

Ndoa imefungwa. Unyambwa ilijaa. Spika za rangi ya asali zilisimama uani chini ya turubai, Bonaventura alizifunga mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kuvaa suti. Nilikaa nyuma, upande wa wenye mke, nikasikiliza kama fundi. Alifunga sawasawa.

Lucy alipopita na wasimamizi wake alisimama mbele yangu, akapiga goti kidogo. "Shikamoo." Nilishindwa kuitikia kwa haraka, Asnath akanigusa kiwiko. Bonaventura, nyuma yake, alinipa mkono. Shikamoo hakunipa. Mkono mgumu, mkavu. Nimeupokea kama ulivyo.

Watu walicheza mpaka jua likazama. Na mimi, Mungu anisamehe, kila wimbo ulipoanza nilikuwa nawaza: zilikaa sebuleni kwangu wiki tano, na sikuwahi kuzifungulia sauti hata siku moja.

Jumapili, 2 Mei

Mvua imekwisha. Msimu mzuri kwa shamba.

Sebuleni kuna viti na ukuta. Hakuna anayekuja. Saa nane mchana kwa Gasto walianza kupiga kwaya, na nilipokuwa uani nikianua nguo nikasikia besi inavimba, inameza waimbaji. Amezibandika ukutani kabisa, kwenye pembe. Mtu yeyote aliyekaa na spika zile miaka kumi na miwili angejua.

Nilibaki na shuka mkononi. Ningeweza kuacha. Watu wangesema, za Chediel zilikuwa zinalia vizuri zikiwa kwa Chediel. Niliyasikia maneno hayo kichwani kabisa, na yalikuwa matamu.

Nilikwenda. Nilibisha hodi, Gasto akafungua mlango nusu.

"Zisogeze," nikamwambia. "Ziko karibu mno na ukuta. Futi mbili mbele, na uzigeuze kidogo ziangalie viti."

Alinitazama kama anayepima shilingi bandia. Aliingia. Nikasikia miguu ya spika ikikwaruza sakafu.

"Hapa?" akauliza kutoka ndani.

"Bado."

"Hapa?"

Sauti ilitulia. Waimbaji wakajitenga, si mmoja mmoja, hizo si spika za kufanya hivyo, lakini wakapata pa kusimama.

"Hapo hapo," nikasema.

Alirudi mlangoni. Akatikisa kichwa mara moja, kukubali. Hakusema karibu. Aliusukuma mlango taratibu mpaka ukafungika, na mimi nikausikiliza wimbo mpaka mwisho, nimesimama nje.